Kikomo cha Waya: Mafunzo ya Fyuzi kutoka Gereji ya Umeme wa Magari

Mfumo wa umeme wa gari umejengwa juu ya kanuni moja, nayo ni kwamba mkondo unaotoka kwenye ncha chanya ya betri sharti urudi kwenye ncha hasi ya betri hiyohiyo, na njia yote unayoipita, yaani waya, swichi, kifaa kinachofanya kazi na hatimaye chuma cha gari lenyewe, ndiyo inayoitwa saketi. Nyumbani waya wa kwenda na waya wa kurudi huvutwa pamoja, lakini watengenezaji wa magari waliamua tangu zamani kuutumia mwili wa chuma, yaani bodi na chasisi, kuwa njia ya kurudia, kwa sababu uamuzi huo hupunguza karibu nusu ya waya zinazohitajika na hurahisisha ufungaji wa taa, honi na mota. Nafuu hiyo ina gharama yake: waya wowote wenye umeme ukichubuka na kugusa chuma mahali popote, mkondo hupata njia ya mkato ya kurudi kwenye betri bila kupita kwenye kifaa kilichokusudiwa, na hali hiyo ndiyo mafundi wa Afrika Mashariki wanayoiita shoti.

Uzito wa hatari hiyo huonekana pale hesabu inapofanywa. Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani, yaani ugumu wa kuupitisha umeme, wa takribani omu 0.017 kwa kila mita, na kwa hiyo waya wa mita tano unaotoka mbele ya gari hadi nyuma una ukinzani usiofika hata omu 0.1. Betri ya volti 12 ikiunganishwa na waya huo peke yake, bila globu wala mota ya kuuzuia mkondo, itasukuma zaidi ya ampea 100 ndani ya waya ambao kwa kawaida hubeba ampea chache tu. Mwanafizikia wa Uingereza James Prescott Joule alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1840 kwamba joto linalozaliwa ndani ya kipitishi huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo, kwa maana kwamba mkondo ukiongezeka mara mbili joto huongezeka mara nne, na ukiongezeka mara kumi joto huongezeka mara mia. Kwa mfano uliotolewa hapa, waya utazalisha joto la zaidi ya wati 1000, kiasi cha pasi ya umeme ya nyumbani, isipokuwa joto hilo litakuwa limefichwa ndani ya ganda la plastiki, katikati ya waya nyingine, nyuma ya dashibodi na chini ya zulia. Ganda hilo hulainika na kuanza kuungua ndani ya sekunde chache.

Fyuzi ni kipande cha kipitishi kilichowekwa makusudi kwenye saketi ili kiwe sehemu dhaifu kuliko zote, na kwa kuwa kimo kwenye njia ileile, mkondo unaopita kwenye waya hauna budi kupita na kwake. Katika fyuzi nyingi za magari ya leo, kipande hicho ni utepe wa zinki au aloi yake, ambao katikati umepunguzwa upana ili joto lijikusanye hapo, na kwa kuwa zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 420 za Selsiasi ilhali shaba huhitaji nyuzi 1085, utepe huyeyuka na kukata njia kabla waya haujadhurika. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko gari. Mnamo 1847 Mfaransa Louis Breguet alipendekeza vituo vya simu za maandishi viwekewe waya mwembamba utakaoyeyuka pindi radi inapopiga, ili vyombo na waya za ndani visalimike, na mwaka 1890 Thomas Edison alipata hataza ya fyuzi kwa ajili ya mifumo yake ya kusambaza umeme. Tangu mwanzo, kwa hiyo, fyuzi haikubuniwa ili umeme uendelee kupatikana. Ilibuniwa ili umeme ukatike kwa wakati.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliyapata maarifa hayo kwa mikono kabla ya kuyasoma vitabuni, alipokuwa mwanagenzi wa fundi mmoja mzee katika gereji ya umeme wa magari mjini Tanga, enzi ambayo Land Rover kuukuu za mashamba ya mkonge zilikuwa zikitengenezwa chini ya mwembe mmoja na magari ya Kijapani yaliyotumika, yaliyokuwa yakizidi kuingia nchini. Mchanganyiko huo ulikuwa darasa kamili, kwa sababu ulikutanisha mahali pamoja vizazi kadhaa vya fyuzi, na kila kizazi kilikuwa na kanuni zake ambazo mwanagenzi alilazimika kuzijua kabla hajaruhusiwa kugusa betri ya mteja.

Magari ya Kiingereza yalitumia fyuzi za kioo, zilizokuwa na waya mwembamba ndani na kikaratasi kidogo chenye namba. Mzee aliwafundisha wanagenzi wake kwamba namba hiyo haisomwi kama ya fyuzi nyingine, kwani fyuzi ya kampuni ya Lucas iliyoandikwa 35 ilimaanisha kwamba itakatika mkondo ukifika ampea 35, lakini mkondo inaoweza kuubeba mfululizo ni nusu tu, yaani takribani ampea 17.5. Mtu aliyeitoa na kuweka fyuzi ya kioo ya mfumo wa Kimarekani yenye namba ileile 35, ambayo huhesabiwa kwa mkondo wa mfululizo, alikuwa amekiongeza kikomo cha saketi hiyo maradufu kuelekea upande wa hatari, ingawa kwa macho hakuna kilichobadilika. Aidha, gari nyingi za zamani za aina hiyo zilikuwa na fyuzi chache mno, na taa kubwa za mbele mara nyingi hazikuwa na fyuzi kabisa, kwa hoja kwamba ni afadhali waya uhatarishwe kuliko dereva kupoteza mwanga ghafla akiwa kwenye mwendo usiku. Baadhi ya watengenezaji wa Kimarekani walilijibu tatizo hilohilo kwa kutumia swichi ya joto, yaani kikata umeme chenye kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja ambazo hupanuka kwa viwango tofauti zikipata moto, kikajipinda na kukata njia, kisha kikapoa na kuiunganisha tena, hata taa zikawa zinawaka na kuzima badala ya kufa moja kwa moja. Kutokana na mifano hiyo, mwanagenzi alielewa kwamba ulinzi wa saketi ni uamuzi unaopimwa dhidi ya usalama wa watu, si kipande kinachopachikwa kwa mazoea.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1976, kampuni ya Littelfuse ya Marekani ilipotoa fyuzi ya plastiki yenye miguu miwili bapa, ambayo baadaye ilienea katika magari ya karibu dunia nzima. Ubora wake ni kwamba utepe unaonekana kupitia plastiki inayopitisha nuru, juu yake kuna vitobo viwili vya kupimia bila kuichomoa, na kila kiwango kina rangi yake: hudhurungi iliyopauka ni ampea 5, kahawia ni 7.5, nyekundu ni 10, buluu ni 15, njano ni 20, isiyo na rangi ni 25, na kijani ni 30. Rangi hizo zinajulikana na mafundi wengi hata wasiosoma lugha yoyote ya kigeni, jambo lililokuwa na faida kubwa Tanga, ambako mifuniko ya visanduku vya fyuzi vya magari kadhaa yaliyotoka moja kwa moja Japani ilikuwa imeandikwa Kijapani.

Ni muhimu kufahamu kwamba kiwango kilichoandikwa juu ya fyuzi si mstari ambao ukivukwa kwa nukta moja fyuzi hukatika papo hapo. Fyuzi bapa ya kawaida ikipitishiwa asilimia 110 ya kiwango chake inatakiwa idumu kwa saa 100 au zaidi. Ikipitishiwa mara mbili ya kiwango hukatika ndani ya sekunde tano. Na ikipitishiwa mara sita hukatika katika sehemu ndogo ya sekunde. Tabia hiyo imekusudiwa, kwa kuwa mota ya feni au ya waipa hunyonya mkondo mkubwa kwa muda mfupi inapoanza kuzunguka, na globu baridi hufanya vivyo hivyo inapowashwa, na lingekuwa jambo la kuudhi ikiwa fyuzi ingekatika kila mara. Lakini tabia hiyohiyo ndiyo inayofanya kosa la kuweka fyuzi kubwa liwe na madhara makubwa kuliko wengi wanavyodhani, kama ilivyodhihirika katika kazi moja iliyobaki katika kumbukumbu za mwandishi kuliko nyingine zote.

Pikapu moja iliyokuwa ikibeba machungwa kutoka Muheza ililetwa gereji kwa malalamiko kwamba taa za nyuma na za dashibodi hazidumu. Kifuniko kilionyesha kwamba tundu lililoandikwa TAIL, yaani la taa ndogo, lilistahili fyuzi ya buluu ya ampea 15, lakini ndani yake kulikutwa fyuzi ya kijani ya ampea 30, nayo ilikuwa imekatika. Mzee hakuchukua testa wala bisibisi. Alimwuliza dereva, “Mwanangu, ile ya buluu ya kwanza ilikatika lini, na kabla ya hapo gari lilifanyiwa nini?” Dereva alijibu, “Mzee, mara ya kwanza ilikuwa baada ya kunyooshwa bodi huku nyuma. Nikaweka ya buluu nyingine, ikakatika. Nikashauriwa niweke ya kijani, nayo ikakaa siku kadhaa.” Katika majibu hayo mafupi kulikuwa na uchunguzi karibu wote: palikuwa na tukio lililotangulia tatizo, palikuwa na mahali tukio hilo lilipofanyika, na palikuwa na ushahidi kwamba mguso wa waya na chuma ulikuwa wa kuchezacheza, kwa sababu shoti kamili ingeikata hata fyuzi ya kijani wakati uleule.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuitafuta shoti bila kuteketeza fyuzi nyingine. Mzee aliagiza globu zote za saketi hiyo zichomolewe kwenye viti vyake ili kusiwe na kifaa halali kinachonyonya mkondo, kisha kwenye tundu la fyuzi akaunganisha globu ya taa ya breki ya wati 21 iliyotiwa waya mbili. Globu ya namna hiyo hairuhusu kupita zaidi ya ampea mbili hivi, kwa hiyo hata waya ukiwa umegusa chuma moja kwa moja hakuna kinachoungua, na globu yenyewe huwa ni shahidi: ikiwaka kwa nguvu, maana yake mkondo unapata njia ya kurudi ambayo haikupaswa kuwapo; ikizima, njia hiyo imekatika. Swichi ya taa ilipowashwa globu iliwaka wazi. Mwanagenzi mmoja aliwekwa mbele ya dashibodi aitazame globu bila kuiondolea macho, na mzee akalala chini ya gari, akaanza kuushika mkungu wa waya kuanzia nyuma ya injini, akiusukuma na kuuvuta kidogo kidogo kila baada ya shibiri moja. Alipofika juu ya ekseli ya nyuma, sauti ilitoka ndani, “Imezima!” Pale, kishikizo cha waya kilikuwa hakipo, na mkungu ulikuwa umeegemea ukingo mkali wa chuma kinachoshikilia springi, huku waya mmoja ukiwa umechubuliwa na mtikisiko wa barabara hadi shaba ikaonekana iking'aa.

Matengenezo yenyewe hayakuwa makubwa, lakini kabla ya kuyafanya mzee alipasua ganda la mkungu kwa urefu wa mkono na kuwaonyesha wanagenzi kitu ambacho hesabu za vitabuni huzungumzia kwa maneno tu. Waya wa saketi ile ulikuwa umebadilika rangi, ganda lake likawa gumu, likavunjika kama gome kavu lilipokunjwa, na waya za jirani zilikuwa zimeanza kunatana nao. Fyuzi ya kijani ilipokuwa mahali pake, mguso wa kuchezacheza ulikuwa ukipitisha labda ampea 20 au 25 kwa vipindi virefu, kiasi ambacho fyuzi ya buluu ingekikataa lakini fyuzi ya kijani ilikihesabu kuwa halali, nao waya, uliokuwa umechaguliwa kwa ajili ya ampea 15, uliubeba mzigo huo kwa kuungua polepole. Sehemu yote iliyoharibika ilikatwa na kubadilishwa, viungo vikatiwa risasi na kufungwa tepu, mkungu ukavalishwa mpira na kushikizwa mbali na ukingo wa chuma, na tundu la TAIL likarudishiwa fyuzi ya buluu.

Funzo la msingi la kazi ile, ambalo mwandishi amelikuta likithibitishwa katika kila mazingira aliyofanya kazi baadaye, ni kwamba fyuzi hailindi kifaa bali hulinda waya. Globu ikiungua imeungua, redio ikiharibika imeharibika, na fyuzi mara nyingi haina uwezo wa kuviokoa; kazi yake ni kuhakikisha kwamba hitilafu ya kifaa au ya waya haigeuki kuwa moto. Ndiyo maana kiwango cha fyuzi hakiamuliwi na hamu ya mtumiaji kuona taa zikiendelea kuwaka, wala hakiamuliwi na kifaa peke yake. Kinaamuliwa na mambo mawili yanayobana kutoka pande mbili: mkondo wa kawaida wa kifaa, ambao inafaa usizidi takribani robo tatu ya kiwango cha fyuzi ili isichoke kwa joto la kila siku, na uwezo wa waya, ambao kamwe usiwe chini ya kiwango hicho. Globu mbili za wati 55 kwenye volti 12, kwa mfano, hutumia ampea 9 na nukta kidogo, kwa hiyo fyuzi ya 10 itakuwa ikifanya kazi ukingoni ilhali ya 15 inafaa, ili mradi waya wote tangu kwenye fyuzi hadi kwenye taa uwe na uwezo wa kubeba ampea 15 bila kupata joto la kudhuru. Anayetaka kuweka fyuzi kubwa zaidi anapaswa kwanza kubadilisha waya, na asipobadilisha waya atakuwa ameuhamisha udhaifu kutoka kwenye kisanduku, ambako unaonekana na unabadilishwa kwa dakika moja, na kuupeleka ndani ya mkungu ambako hauonekani mpaka moshi utoke.

Funzo la pili linahusu mahali fyuzi inapowekwa. Katika gereji hiyohiyo ilifikishwa siku moja Hiace ya abiria ambayo mwenyewe alikuwa ameifungia muziki wenye kipaza sauti kikubwa. Waya mnene ulitoka kwenye betri, ukapita kwenye tundu la bamba la chuma linalotenganisha injini na abiria, ukasafiri chini ya zulia hadi nyuma, na huko nyuma, shibiri moja kutoka kwenye kipaza sauti, ndiko fyuzi ilikokuwa. Tundu la bamba halikuwa na mpira wa kuukinga waya, na ukingo wake uliutafuna hadi ukagusana na chuma. Zulia liliungua na abiria wakashuka salama, lakini fyuzi ilikutwa nzima kabisa, kwa sababu mkondo wa shoti haukufika kwake. Ulirudi kwenye betri kabla. Fyuzi hulinda tu kile kilicho mbele yake ukihesabu kutoka kwenye betri, na kila sentimita ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi. Kwa sababu hiyo, waya wowote unaoongezwa kutoka kwenye betri unapaswa kuwa na fyuzi karibu na ncha chanya kadiri inavyowezekana, na kwa sababu hiyohiyo watengenezaji huweka fyuzi kuu, yenye uwezo wa ampea 80, 100 au zaidi, hatua ya kwanza baada ya betri, ili ilinde waya nene zinazokwenda kwenye altaneta na kwenye visanduku vingine vyote.

Funzo la tatu ni kwamba fyuzi, mbali na kulinda, humfundisha fundi ramani ya gari. Mteja mmoja alileta gari dogo la gia otomatiki likivutwa kwa kamba, akiwa amekwisha kuambiwa kwingine kwamba gia boksi imekufa, kwa kuwa mkono wa gia ulikuwa umegoma kutoka kwenye P, yaani nafasi ya kuegesha. Mzee alimwomba akanyage breki, akaenda nyuma, akaona taa za breki haziwaki. Katika magari mengi ya aina hiyo, kifungo kinachozuia mkono wa gia husubiri taarifa kutoka kwenye swichi ya breki, na taarifa hiyo hupitia saketi ya taa za breki. Fyuzi ya STOP ikikatika, taa hufa na mkono wa gia hubaki umefungwa. Fyuzi ilibadilishwa, kiti cha globu moja kilichokuwa na shoti kikatengenezwa, na gari likaondoka kwa injini yake. Tangu hapo mwandishi alijizoeza kuuliza, kabla ya kufungua chochote, ni vitu gani vimekufa pamoja, kwa sababu vifaa viwili visivyofanana vikifa kwa wakati mmoja, mara nyingi vinashiriki fyuzi moja, na kama havishiriki fyuzi basi vinashiriki mahali pa kurudishia umeme kwenye bodi.

Hata hivyo, elimu ya fyuzi isiyotaja mipaka yake ingekuwa pungufu. Upepo wa bahari wa Tanga hubeba chumvi, na chumvi huleta kutu ya kijani kwenye shaba na kulegeza mishiko ya miguu ya fyuzi. Mshiko uliolegea huwa na ukinzani mkubwa mahali padogo, na ukinzani huo huzalisha joto hata mkondo ukiwa wa kawaida kabisa, au pengine mdogo kuliko kawaida. Hapo ndipo fundi anapokuta plastiki ya fyuzi imeyeyuka na kuvimba huku utepe wake ukiwa mzima, na ambaye hakufundishwa humlaumu mtengenezaji wa fyuzi au huchomeka mpya ambayo nayo itayeyuka. Dawa yake si fyuzi. Ni kusafisha au kubadilisha mshiko wenyewe, kisha kupima kwa mita kiasi cha volti kinachopotea hapo wakati kifaa kinafanya kazi. Vivyo hivyo, fyuzi ya magari iliyoandikwa volti 32 isitumiwe kwenye umeme wa nyumbani wala kwenye paneli za jua zilizounganishwa hadi volti nyingi, kwa sababu utepe unapoyeyuka kwenye volti kubwa huacha cheche inayoendelea kuupitisha mkondo hewani, na fyuzi ndogo haikuundwa kuizima. Magari ya haibridi yamelifanya jambo hili kuwa la lazima kwa mafundi wa leo: betri kuu ya Toyota Prius ya kizazi cha pili ina volti 201.6, waya zake zimevalishwa ganda la rangi ya machungwa ili kutoa onyo, na ulinzi wake una fyuzi na swichi maalumu ambazo hazina mbadala kwenye kopo la fyuzi za kawaida.

Yapo pia mazoea ambayo mzee aliyakataza bila mjadala, na ambayo bado yanaonekana kwenye barabara nyingi: kuizungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kuchomeka kipande cha waya au msumari, na kuunganisha moja kwa moja. Wanaofanya hivyo huwa na sababu inayoeleweka, kwani usiku umeingia, safari bado ni ndefu, na fyuzi haipo. Lakini karatasi ya fedha haina kiwango kinachojulikana, msumari hauyeyuki kabla ya waya, na safari inayokamilika kwa njia hiyo humshawishi dereva aamini kwamba tatizo limekwisha, kumbe kilichokwisha ni onyo. Jibu la kweli kwa dharura hiyo ni la bei ndogo: kila gari libebe fyuzi mbili mbili za viwango vinavyotumika humo, na ikibidi, fyuzi ya kifaa kisicho cha lazima, kama vile redio au kiwashio cha sigara, iazimwe kwa muda mradi kiwango chake kiwe sawa au pungufu. Fyuzi mpya ikikatika mara tu inapochomekwa, isiwekwe ya tatu. Saketi hiyo iachwe imezimwa hadi chanzo kipatikane, na kama ni ya taa za usiku, gari lilale hapo.

Jambo la mwisho ambalo kumbukumbu hizi zinakusudia kuliweka wazi linahusu dhamana ya ufundi. Mhandisi aliyepanga saketi alichagua unene wa waya, akapima mzigo, akaweka kikomo, na kikomo hicho kikaandikwa juu ya kifuniko ili mtu wa mbali, katika nchi nyingine na miaka mingi baadaye, akiheshimu. Fundi anayekivuka hafanyi hivyo kwa gari lake. Anafanya kwa gari litakalobeba watoto wa mtu mwingine, litakalouzwa kwa mnunuzi asiyejua kilichofichwa ndani ya mkungu, na litakaloegeshwa usiku karibu na nyumba ya watu waliolala. Kwa hiyo wanaofundisha umeme wa magari, iwe katika vyuo vya ufundi au chini ya miembe ya gereji, wanapaswa kumpima mwanagenzi si kwa wepesi wa kuiwasha taa iliyozimika bali kwa uwezo wa kueleza, kwa maneno na kwa kipimo, kilichoikata fyuzi. Na fundi ambaye hajaweza kukieleza bado hajamaliza kazi, hata kama taa zote zinawaka na mteja amekwisha kulipa.